Utani kwa Kiingereza

Alanieta alikuja na leseni ya unesi ndani ya mkoba, akapewa sare ya kijivu kama yangu mimi mwosha wazee, akasema ahsante. Ahsante ile ndiyo iliyoniletea maradhi.

Nieleweke. Sikumwonea wivu kwa uzuri, ingawa uzuri anao, wala kwa ujana, maana ujana hata mimi niliupata na nikautumia wote bila kubakiza. Nilimwonea wivu kwa ile karatasi. Nilipokuwa mwaka wa pili chuo cha unesi kule Suva nilipata mimba, nikarudishwa kisiwani na sanduku langu, na baba akawa hanisemeshi ila kwa kupitia kwa mama. Mtoto aliyenitoa chuoni sasa ni mwanamume mwenye ndevu, anacheza raga Lautoka, na hanipigii simu mpaka akwame. Nampenda mwanangu. Lakini kila nikipishana koridoni na nesi mwenye sare ya buluu, kuna kitu hunichoma ubavuni, na nilikuwa nimeshakizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Sasa kumwona mtu mwenye haki ya buluu amevaa kijivu, ameshika beseni langu la choo, na bado anaimba, hilo sikuwa nimelizoea.

Wanasema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Huyu binti alishuka anacheka.

Leseni ya kwetu Fiji haikufai kitu hapa Australia mpaka ufanye mitihani yao, na mitihani yao si ya mtu anayetuma nyumbani kila mshahara. Kwa hiyo manesi wetu wengi wanashuka uwanja wa ndege na vyeti vyao, wanaishia kulisha wazee uji, kubadilisha nepi na kusukuma viti vya magurudumu. Kule nyumbani watu wanatangaza kanisani kwamba binti yetu ni nesi Australia. Hawasemi uongo, na kweli yenyewe hawaisemi.

Sasa sikia kilichokuwa kinagombewa. Kila mwaka Nyumba yetu ya Wazee, hapa Burrawal, humchagua mhudumu mmoja ikamgharamia mpaka avae buluu. Asiyesoma inampeleka chuo, mwenye leseni ya kwao inamlipia mitihani. Mwaka huu nafasi ilikuwa yangu. Lorraine, meneja wetu, aliniambia kwa mdomo wake jikoni, mikono yetu sote ikiwa kwenye sinki: "Makelesi, mwaka huu simwoni mwingine. Ni wewe." Nilimwambia Mungu, nikamwambia dada yangu kwa simu, nikaenda dukani nikashika viatu vyeupe vya manesi, nikavirudisha kwenye rafu kwa adabu. Nilikuwa nimengoja miaka, nikiwafundisha kazi wasichana wanaokuja na kuondoka. Kisha ndiyo akaja huyu.

Tulikutana chumba cha mashuka, mimi nakunja, yeye analetwa kuonyeshwa.

"Habari za asubuhi, shangazi," akasema kwa lugha yetu, kichwa ameinamisha kama alivyolelewa.

"Wa wapi wewe?" Kwetu hilo ndilo swali la kwanza, jina linafuata baadaye.

"Nasau, shangazi."

Nikaangusha shuka. "Nasau! Basi acha kuniita shangazi, mimi mtani wako! Hebu njoo nikuone, kichwa kama gimbi lililochimbwa kabla ya siku zake!"

Akanitazama kidogo, mkono juu ya taulo. Kisha akacheka. "Haya, mtani. Na wewe mdomo kama geti bovu, hata likifungwa linapiga kelele."

Utani mnaujua, sina haja ya kuwafundisha. Sisi wa kisiwani na watu wa Nasau wazee wetu walikuwa chini ya mzimu mmoja, ndiyo maana tunatukanana hadharani, tunaporana chakula sahanini, tunachekana hata msibani, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Kwa mtu mwenye wivu hiyo ni zawadi. Maneno ambayo mwanamke mwingine angeyameza yakamchoma tumbo, mimi niliruhusiwa kuyatema, na aliyetemewa alipaswa kucheka.

Nikayatema. Nilimwita Daktari wa Nepi. Nilimwita Leseni Bila Gari. Akipita na beseni nilisimama kando na kumpigia saluti. Siku moja nilifungua friji ya wafanyakazi, nikatoa bakuli lake la muhogo na samaki wa kopo wa tui, nikakaa mbele yake nikala mpaka nikaramba kidole. "Wewe leo shiba leseni," nikamwambia. "Iweke chumvi kidogo."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mtani, hata bakuli hutaosha?"

"Kaoshe wewe, si ndiyo umesomea usafi?"

Na akaenda kuliosha! Akarudi amekaa karibu nami, bega kwa bega, ananiuliza kama kisiwani kwetu bado tunakunywa yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, kwa kubishana. Nilijibu kwa mkato. Nilitaka akasirike, na yeye alikuwa anasogeza kiti.

Ubaya zaidi, kazi aliijua. Angekuwa mvivu ningemsamehe leseni yake siku hiyo hiyo. Alikuwa na namna ya kumgeuza mzee kitandani kama anamwomba ruhusa, na wazee, ambao wengi wao hawakumbuki hata majina ya wake zao, jina lake walilishika. Alanieta! Alanieta! Kengele zote zilikuwa zinamlilia yeye.

Nilibakiwa na mmoja, Merv. Merv alikuwa mkata manyoya ya kondoo maisha yake yote, mikono yake bado mipana kama majembe, na kuoga alikataa kwa kila mtu ila mimi. "Mpaka aje Mak," alikuwa anasema, na mimi nilijifanya nimechoshwa, huku nikitembea koridoni polepole ili wote wanione naitwa. Asubuhi moja nilichelewa upande wa pili, nikaja mbio na taulo, nikasikia bafuni mtu anaimba. Ni Merv. Alanieta anamsugua mgongo, na yeye anamweleza jinsi ya kumkalisha kondoo dume asipigepige.

"Mak!" akasema aliponiona. "Umeona mikono ya huyu mtoto? Laini!"

Nilitamani maji yageuke barafu. Nikamwambia Alanieta kwa lugha yetu, "Mtani, umeshaninyang'anya wanawake wote, sasa umeanza na wanaume? Huyu hana meno wala magoti, lakini naona wewe huchagui."

Alanieta alijishika ukutani kwa kicheko, maji yakimwagika kwenye viatu. Ulikuwa utani mzuri, hata mimi niliucheka. Nilicheka huku roho ya kwa nini imenikalia kifuani na kuvuta mkeka.

Jumapili tukawa kanisani, yaani ukumbi wa skauti tunaoazimwa, na baada ya ibada masufuria yakatoka kwenye magari. Mke wa mchungaji, Mama Titilia, ni mtu ambaye habari haiwezi kulala kwake. Alinipakulia kuku, akainama.

"Makelesi, umesikia? Lorraine amemwambia Alanieta naye aombe ile nafasi."

Kuku akageuka mchanga mdomoni. Alanieta alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, anawagawia watoto maji. Nikamfuata na sahani yangu mkononi.

"Kweli umeambiwa uombe?"

"Kweli, mtani."

"Na utaomba?"

"Nitaomba."

Hakutazama chini, hakuomba radhi, hakuongeza hata neno la kupaka mafuta. Mwenye haki yake huwa hivyo, na ndiyo maana anachukiza. Nilirudi kwenye kiti nikapiga hesabu, na hesabu ikanisaliti. Mimi nikichaguliwa, Nyumba itangoja miaka mpaka nimalize chuo, na kichwa changu hiki kimekaa mbali na vitabu tangu zamani. Yeye akichaguliwa, anafanya mitihani, kabla ya kiangazi kingine wana nesi. Hata mimi ningekuwa Lorraine ningemchukua yeye. Hilo lilinitesa kuliko yote. Nilikosa hata pa kusema naonewa.

Usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake niliingia kazini nimebeba tumbo zima la maneno.

Chumba cha chai ya asubuhi kilikuwa kimejaa. Wazee mezani na uji na mkate wao wa kuchoma, Tegan, binti wa papa hapa mjini anayefanya kazi nasi, anamimina chai, mimi namkatia Merv yai. Alanieta alikuwa anamlisha Bibi Dot. Bibi Dot ni mdogo kama kuku wa kienyeji, na ana heshima zake, alikuwa mwalimu mkuu.

"Tegan ananiambia wewe ni nesi kabisa," Bibi Dot akasema kwa sauti. "Ni kweli?"

"Kwetu Fiji, ndiyo."

"Sasa kwa nini unanifuta mdomo?"

"Kwa sababu una uji mdomoni, mpenzi."

Meza nzima ikaangua kicheko. Merv alipiga kiganja mezani, chai ikaruka. Bibi Dot mwenyewe alicheka, akampapasa Alanieta shavu, akasema, "Basi siku nikiumwa sitaki mwingine. Nitibiwe na nesi wangu." Nesi wangu! Miaka yote niliyomsuka nywele yule bibi, mimi sijawahi kuwa wake wa chochote.

Nikafungua mdomo. Na kwa mara ya kwanza tangu tujuane, sikumsema kwa lugha yetu. Nilisema kwa Kiingereza, pole pole, kila neno lifike mpaka meza ya dirishani.

"Msimwamini. Kwetu leseni hizo wanagawa pamoja na mkate. Mnadhani nesi wa kweli angekuja huku kufuta makalio? Kwao walimkataa. Mgonjwa wake wa kwanza alimdunga sindano akafa, muulizeni mwenyewe."

Hapakuwa na mgonjwa. Uongo huo niliutunga palepale, ukatoka bila kukwama, kama ulikuwa umevaa tayari unangoja mlango ufunguliwe.

Hakuna aliyecheka. Bibi Dot alimtazama Alanieta, akatazama kijiko kinachomjia, akakisukuma. Alikisukuma kwa woga, uji ukamwagika kwenye kijivu cha Alanieta. "Sitaki," akasema. "Sitaki huyu anilishe."

"Natania tu!" nikasema. "Ni mtani wangu! Bibi Dot, natania!"

Alanieta alikiokota kijiko, akaenda kukiosha, akabaki kule kwenye sinki mgongo ukitutazama sisi muda mrefu kuliko kijiko kimoja kinavyohitaji. Tegan akaweka birika chini, akatoka.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Kesho yake niliitwa ofisini.

Tegan alikuwa amepeleka mashtaka: uonevu kazini. Huku hilo si jambo la kupatana kwa kikombe cha yaqona. Ukipatikana na kosa unafukuzwa, na sisi tulioletwa kwa mkataba, ukifukuzwa na kibali chako cha kukaa kinakufa. Nilijiona nimeshuka kwenye boti kisiwani, watu wamejaa gatini, na mama anatafuta uongo wa kuwaambia. Sikuwa tena nagombea viatu vyeupe. Hata ile sare ya kijivu ilikuwa inanitoka.

Lorraine ni mwanamke mnene, mpole, hupenda mambo yaishe vizuri. Siku ile hakutabasamu. Alanieta alikuwa ameshakaa, mikono juu ya magoti.

"Makelesi," Lorraine akasema, "maneno haya ulisema?"

"Nilisema."

"Kwa nini, jamani? Wewe? Wa mwisho ningemdhania ni wewe."

Nikakimbilia pale palipokuwa na mlango. "Ni mila yetu, Lorraine. Kisiwa changu na kijiji chake ni watani. Tunatukanana, ndiyo mapenzi yenyewe hayo. Hakuna ubaya."

Lorraine akashusha miwani, akamgeukia mwenzangu. "Alanieta. Nataka ukweli, na usimwogope. Ipo mila kama hiyo, au anajitetea?"

Kiyoyozi kinanguruma. Nilimtazama yule binti, ngozi yake inavyong'aa, mgongo wake ulivyonyooka, na hata pale, Mungu anisamehe, nilichokuwa nawaza ni kwamba kiti alichokalia kinamfaa. Alikuwa amepata kila kitu bure: leseni, wazee, na sasa mimi. Neno moja tu, hata asiseme uongo, aseme tu kwamba aliumia, na mimi nimekwisha.

"Ipo," Alanieta akasema. "Wahenga wetu walikuwa ndugu. Mtani anaweza kukuita jina lolote, anaweza kuingia kwako akachukua kuku. Ukinuna, wewe ndiye umekosa."

"Na huyo mgonjwa aliyekufa?"

"Hakuna mgonjwa, Lorraine. Piga simu hospitali niliyofanyia mazoezi, watakuambia. Ndivyo tunavyotiana chumvi. Mimi ningekuwa wa kwanza kusema ningesema yeye ameua wawili na akawala."

Lorraine alishusha pumzi, mashavu yakarudi mahali pake. Akacheka hata. "Nyie watu! Mngeniambia mapema. Tegan maskini hakulala." Kisha akaacha kucheka, akazungusha kalamu. "Basi sikufukuzi, Makelesi, wala sikupi onyo. Lakini kuna jambo, na afadhali mlisikie pamoja kwa kuwa ni ndugu. Bibi Dot bado anaogopa. Binti yake amepiga simu anauliza ni nesi gani aliyeua mtu. Mila ni mila, ila hapa ni nyumbani kwa hawa wazee, na wewe ulisema mbele yao. Ile nafasi ya mwaka huu siwezi kukupa tena. Nampa Alanieta."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. "Nilijua utampa yeye," nikasema. "Tangu ulipomwambia aombe."

"Hapana!" Lorraine akashangaa. "Makao makuu wanataka waombaji wawili, hawakubali jina moja. Nilimwomba Alanieta anisaidie kujaza. Jina lililochaguliwa lilikuwa lako. Nilishalipeleka Ijumaa, fomu ya Alanieta ilikuwa ya kufuata tu, jana mchana ndiyo nikalirudisha."

Jumapili, basi, nilipokuwa natafuna kuku wa mchanga na kupiga hesabu, nilikuwa nesi mtarajiwa. Jumatatu wakati namkatia Merv yai, bado. Nilikuwa nimekaa juu ya haki yangu nikiitafuta haki ya mwenzangu.

Nilitoka nikasimama barazani nyuma, pale kwenye kamba za kuanikia, mbele ya dirisha la ofisi. Alanieta akanifuata. Nikangoja aseme pole, nimpige nayo usoni.

"Shangazi," akasema.

"Nani shangazi? Si mtani?"

"Shangazi, Nasau yangu si ile unayoifikiria wewe. Nasau ziko nyingi. Yenu nyinyi ni ile ya mtoni, kule milimani. Mimi wa Nasau ya upande wa Ra. Sisi na kisiwa chenu hatuna utani wowote. Hata mzimu wenu siujui jina."

Nilimkodolea macho. "Tangu lini unajua?"

"Tangu chumba cha mashuka."

"Na ukakaa kimya? Nikakuita kichwa cha gimbi, nikala chakula chako, ukakaa kimya?"

"Nilikuwa sijatukanwa tangu niondoke nyumbani," akasema. "Hapa wote wananisemesha taratibu kama mimi ndiye mgonjwa. Ulivyoniita kichwa cha gimbi nilisikia kama mama ananiita jikoni. Nikasema, ikiwa kosa ni la kijiji tu, acha liendelee. Nimepata mtu."

"Nilikuwa namaanisha," nikamwambia. Niliona afadhali nimwumize hata kwa ukweli. "Kila neno. Nilikuonea wivu tangu ulivyosema ahsante kwa lile gauni la kijivu."

"Najua. Mtani yeyote anamaanisha kidogo, si ndiyo utamu wake? Nilivumilia kwa sababu uliniambia kwa lugha yetu, mimi na wewe tu. Lakini jana mezani ulisema kwa Kiingereza. Nani anatania kwa Kiingereza, shangazi? Kile Kiingereza hukunisemesha mimi."

Shuka moja lilinipiga usoni kwa upepo, nikalisukuma.

"Sasa kwa nini umenitetea?"

Alifikiri. Nadhani alikuwa anafikiri kweli, hakuwa amekuja na hotuba. "Ungefukuzwa ungerudi kwenu ukasema kuna binti wa Nasau alikula kazi yako. Na wangekuamini, na wewe ungejiamini. Mimi sikuila. Nimetaka ubaki, uwe unaniona kila siku, na uwe unajua."

"Ukatae basi hiyo nafasi! Si unajua ilikuwa yangu?"

"Sikatai," akasema. "Mama yangu anajua mimi nesi huku."

Ningeweza kumpiga. Mkono ulishafumba. Lakini yeye akatazama juu ya bega langu, uso ukabadilika, ukafunguka wote kwa meno.

"Lorraine yuko dirishani," akasema bila kusogeza midomo. "Anatuangalia aone kama utani wetu ni wa kweli." Kisha akapaza sauti, kwa Kiingereza safi cha darasani, mpaka Merv kwenye kiti chake cha juani akageuka. "Mtani! Nimekupora nafasi yako! Nimeichukua kama kuku, na wewe huruhusiwi kununa!"

Akangoja. Mimi nilikuwa nimesema ofisini kwamba hayo ndiyo mapenzi yenyewe. Kibali changu, chumba changu, mshahara wa mwisho wa mwezi, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye kicheko.

Nikacheka. Kicheko cha kwanza kilitoka kibaya kama kikohozi, cha pili kikapata miguu, na cha tatu kikanishinda, nikainama na kushika magoti nikicheka pale kati ya mashuka, nikimwonea wivu kwa leseni yake, na kwa mama yake anayejua, na kwa ule moyo wake uliokaa kimya chumba cha mashuka, ambao hata kwa mitihani kumi nisingepewa. Nyuma ya kioo Lorraine alituinulia kidole gumba. Machozi yakanitiririka, na kwa mbali yalionekana ya furaha.

Alanieta akatoa kitambaa mfukoni, akanishika kidevu kwa vidole viwili, kwa namna ile yake ya kuomba ruhusa, akanifuta uso. Alianza na jicho la kushoto, akageuza kitambaa upande msafi, akaja la kulia. Nami nikakaa kimya, kidevu juu, nikafutwa.